Nondo na Wadudu Wengine Wanaokula Nguo: Mwongozo Kamili wa Kuwatambua, Kuwamaliza na Kuwazuia

Suti ya sufu aliyoniachia marehemu baba ilikaa kabatini miaka mitatu bila kuguswa. Siku nilipoitoa ili niivae, niliikung'uta, nikaiinua mbele ya dirisha, na mwanga ukapenya mgongoni kwenye matundu kumi na manne. Nikageuza ukosi. Chini yake palikuwa na utando mweupe, mithili ya ute uliokauka, na ndani ya utando punje ndogo kama mchanga, za buluu iliyokolea, rangi ileile ya suti. Zilikuwa kinyesi. Kiwavi wa nondo akila uzi uliotiwa rangi, rangi hiyo hutoka naye karibu kama ilivyoingia.

Kilichoniumiza zaidi ni nilichofanya baada ya hapo. Nilipuliza dawa ya mbu kabatini, nikafunga milango, nikaona mambo yamekwisha. Haikupita miezi miwili, sweta mbili nazo zikaliwa. Chanzo hakikuwa kabatini hata kidogo. Kilikuwa zulia la sufu lililoviringishwa na kusahauliwa uvunguni mwa kitanda. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na macho na mikono, na dawa nimeiweka mbali huko mbele. Ukizifuata hatua kwa mpangilio wake, huenda dawa usiihitaji kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba ni wadudu

Si kila tundu ni la mdudu. Vitundu vinavyojitokeza mbele ya fulana za pamba, usawa wa kitovu, kwa kawaida vinatokana na msuguano: kitambaa chembamba kinabanwa kati ya kifungo cha suruali au bizimu ya mkanda na ukingo wa meza, siku baada ya siku, mpaka kinatoboka. Matundu yenye kingo zilizopauka, zinazomeguka kama karatasi kuukuu, ni ya dawa ya kuondolea madoa iliyoirukia nguo. Nyuzi zilizovutwa kwa mstari mrefu ni kazi ya zipu iliyofuliwa pamoja na nguo laini.

Kazi ya mdudu ina alama zake. Tundu halina umbo maalumu, na mara nyingi kando yake pana sehemu ambayo haijatoboka bado, ila vinyweleo vya juu ya kitambaa vimenyolewa na kitambaa kimebaki kipara. Pitisha kidole taratibu, utaihisi kabla hujaiona. Kagua penye giza na jasho: chini ya ukosi, makwapani, ndani ya mapindo, chini ya vifuniko vya mifuko, kwenye mshono wa bitana. Kama nguo ni ya poliesta au nailoni tupu, na ilihifadhiwa ikiwa safi, basi karibu kila mara sababu iko kwingine.

Hatua ya 2: Mjue anayekula

Chakula cha wakuu wa kundi hili ni keratini, protini inayounda nywele, manyoya, kucha na pembe. Viumbe wachache sana wanaweza kuimeng'enya. Kiwavi wa nondo anaweza kwa sababu utumbo wake una alkali kali pamoja na kemikali za kukata vifungo vya salfa vinavyoishikilia keratini. Kwa hiyo vilivyo hatarini ni sufu, kashmiri, vitambaa vya felti, ngozi zenye manyoya na mito ya manyoya ya ndege. Hariri nayo haisalimiki, maana ni protini pia. Pamba, kitani na nguo za nyuzi za kiwandani huliwa zikiwa zimechanganywa na sufu, au zikiwa na jasho, mkojo, mate au chakula.

Hilo la jasho lishike vizuri. Sufu safi kabisa humpa kiwavi protini lakini haimpi chumvi na vitamini za kutosha, na hukua kwa shida. Nguo iliyovaliwa mara moja tu na kurudishwa kabatini inampa vyote pamoja.

Mdudu wa kwanza ni nondo wa nguo, ambaye wataalamu humwita Tineola bisselliella. Akitulia ana urefu wa milimita 6 hadi 8, rangi ya majani makavu yenye mng'ao wa dhahabu, hana madoa mabawani, na utosini ana kishungi cha nywele nyekundunyekundu. Huyu huikimbia taa. Ukifungua droo utamwona akikimbia kwa miguu kuingia mkunjoni, au akiruka chini chini kwa kusitasita. Basi wale nondo wanaozunguka balbu usiku si yeye, na wale wanaotoka kwenye unga na nafaka jikoni, wenye mabawa ya rangi mbili, si yeye pia. Nimewahi kusikia mtu aliyetupa blanketi zima la sufu kwa ajili ya nondo wa unga.

Nondo aliyekomaa hana mdomo wa kulia. Hali kitu maisha yake yote mafupi, kazi yake ni kupandana na kutaga. Jike hutaga mayai 40 hadi 50 kwa wastani, madogo mno, yaliyonata kwenye nyuzi. Kwenye joto huanguliwa kati ya siku 4 na 10, kwenye baridi huchukua hadi wiki tatu. Kiwavi anayetoka ni mweupe wa maziwa mwenye kichwa cha kahawia, na yeye ndiye mla nguo. Chakula kikiwepo na joto likiwepo, humaliza ukuaji wake kwa wiki chache. Mambo yakiwa magumu, anaweza kukaa kiwavi kwa zaidi ya miaka miwili. Nyumba inaweza kuonekana imepona, kumbe wamepunguza mwendo tu.

Ana ndugu yake, Tinea pellionella, ambaye kiwavi wake hushona kifuko cha hariri chenye uwazi pande zote mbili na kukiburuta kila aendako. Kifuko hicho huchukua rangi ya nguo anayokula. Ukiona kitu kama punje ya mchele ya rangi ya sweta yako, kisha kikasogea, ndiye huyo.

Mdudu wa pili, na katika nyumba nyingi ndiye mharibifu mkubwa kuliko nondo, ni mbawakawa wa mazulia. Wako wa aina kadhaa. Waliokomaa wana milimita 2 hadi 4 tu, wa mviringo, wengine weusi, wengine wenye madoa ya kahawia, njano na nyeupe. Hawa hula chavua na maji matamu ya maua, na utawakuta kwenye vioo vya madirisha wakitafuta njia ya kutoka. Anayekula nguo ni buu wake: mnene mbele au nyuma kulingana na aina, mwenye nywele ngumu mwili mzima na mistari ya kahawia. Hafumi utando. Anachoacha ni magamba yake, maganda matupu yenye nywele ambayo huyavua kila anapokua. Magamba hayo yakiwa mengi, nywele zake huwasha ngozi na kutoa vipele, na watu huishia kupigana na kunguni ambao hawapo.

Tofauti moja itakusaidia haraka: utando na punje za kinyesi ni nondo, maganda yenye nywele bila utando ni mbawakawa.

Yuko pia yule mdudu wa rangi ya fedha asiye na mabawa, mwenye mikia mitatu, anayekimbia kama samaki mdogo ukiwasha taa bafuni. Huyu hapendi sufu. Anapenda wanga na nyuzi za mimea: pamba na kitani zilizotiwa wanga, reyoni, karatasi, gundi ya majalada ya vitabu. Hukwangua juu juu na kuacha mabaka ya njano. Dawa yake kubwa ni kuondoa unyevu. Mende na nyenje hutafuna nguo yenye chakula, na mchwa hupita ukutani hadi kwenye kabati lililogusana na ukuta, lakini hao vita vyao ni vingine.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo kabla hujaua hata mmoja

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, nami nilishindwa hapahapa. Unayemwona kabatini huenda ni mgeni. Nyumbani kwake ni mahali penye giza, pasipoguswa, penye sufu au nywele au mizoga ya wadudu.

Chukua tochi, kadi ngumu kama ya benki iliyoisha muda, na kioo cha kukuza kama unacho. Toa saa mbili au tatu nzima. Anza chumba chenye dalili nyingi, kisha uende vyumba vya jirani ukipanua duara.

Ondoa kila kitu kabatini, mpaka mbao zibaki tupu. Pitisha kadi kwenye kila ufa, kwenye viungo vya rafu na pembe za chini, uone inatoka na nini. Vuta droo nje kabisa na uzigeuze, kwa sababu viwavi hupanda kwenye mbao za chini kufuma vifukofuko vyao. Kagua hata juu ya kabati, pale ambapo masanduku hukaa miaka.

Halafu fika kusikofikiwa. Zulia chini ya kitanda na chini ya sofa, pale ambapo miguu haifiki. Kingo za kapeti zilizobanwa ukutani. Vipande vya felti vilivyogandishwa chini ya miguu ya viti. Felti za ndani ya kinanda. Kofia, skafu, soksi za sufu zilizobaki bila mwenzake. Mabonge na vifundo vya uzi wa kufumia. Mwanasesere wa manyoya. Tandiko la mbwa au paka. Brashi ya nywele iliyosahauliwa. Mapambo ya manyoya ya ndege, ngozi ya mnyama ukutani, pembe.

Kama ni mbawakawa, ongeza mambo matatu. Ndege waliojenga kwenye paa au kwenye tundu la hewa: kiota kilichoachwa ni ghala la manyoya na maganda, na mabuu hushuka kutoka huko kuingia vyumbani. Panya aliyekufa ndani ya dari au nyuma ya kabati. Na inzi, nyuki au nyigu waliokufa kwa wingi kwenye fremu za madirisha na ndani ya vifuniko vya taa. Hakuna usafi wa kabati utakaosaidia kama juu yake kuna kiota kinachoendelea kumwaga mabuu.

Utajua umefika kwenye chanzo kwa wingi: hutapata tundu moja na gamba moja, utapata utando ulioshikamana, punje nyingi, na viwavi wa ukubwa tofauti wakiwa hai pamoja.

Hatua ya 4: Tenganisha bila kusambaza

Usibebe nguo mkononi kutoka chumba hadi chumba. Peleka mifuko mikubwa ya plastiki palepale kabatini, ingiza nguo, toa hewa, funga kwa fundo au utepe wa gundi. Nguo ikishaingia mfukoni haiwezi kuambukiza nyingine, na sasa unaweza kufanya kazi bila haraka.

Gawa kwa namna zitakavyotibiwa: zinazostahimili maji ya moto, zinazostahimili joto kavu, zinazokwenda kwenye baridi, na za kupelekwa kwa dobi wa kemikali, yule anayesafisha bila maji. Zilizoharibika mno zifunge kwenye mifuko miwili na uzitoe nyumbani siku hiyohiyo. Na usiziruke nguo zinazoonekana nzima. Ikiwa zililala droo moja na zilizoliwa, zihesabu kuwa zina mayai.

Hatua ya 5: Ua mayai, viwavi na waliokomaa kwa pamoja

Njia isiyoua mayai inakununulia wiki chache tu. Zifuatazo huua hatua zote za maisha yao, ukizifanya kikamilifu.

*Maji ya moto.* Kufua kwa nyuzijoto 60 za Sentigredi kunaua kila kitu. Kunafaa pamba, kitani, mashuka, foronya. Sufu na hariri zitakunjamana na kusinyaa, usijaribu.

*Baridi.* Kwa sufu, kashmiri na hariri, hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Friza ya nyumbani iwe imefika nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Pima, usikisie, kwa maana kisehemu cha barafu cha friji ndogo mara nyingi hakifiki hapo. Nguo iwe kavu kabisa. Ikunje bila kuibana, itie kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga vizuri. Usirundike: fungu nene hukaa na joto katikati kwa muda mrefu, na kiwavi aliye katikati hupona. Iache wiki mbili. Kuna wanaotoa baada ya siku tatu, na kwa kitambaa chembamba kwenye friza nzuri inaweza kutosha, lakini nguo unayoipenda usiichezee.

Ukiitoa, usiufungue mfuko. Uache juu ya meza mpaka upate joto la chumba, kama saa 24. Unyevu wa hewa utafanya matone nje ya plastiki badala ya kulowesha kitambaa. Kisha fungua, pigapiga nguo nje kwa brashi ili mizoga na mayai yaliyokufa yadondoke. Vitu vyenye gundi, mbao au vanishi visiingie friza, vinaweza kupasuka.

*Joto kavu.* Nyuzijoto 50 hadi 55 katikati ya nguo, kwa saa nzima, zinatosha. Mahali rahisi pa kulipata joto hilo ni ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye jua kali. Tia nguo kwenye mifuko myeusi, zipange wima zisilaliane, na uweke kipimajoto ndani ya mfuko mmoja katikati ya nguo, si juu ya dashibodi. Kikisoma 50, ndipo uanze kuhesabu saa. Tanuri la jikoni usilitumie kamwe, ni moto unaotafutwa.

*Mvuke.* Pasi ya mvuke juu ya kitambaa chenye unyevu, ikipita taratibu kwenye mishono, chini ya ukosi na kwenye mapindo, huua kinachoguswa. Nzuri kwa koti moja au kwa sofa, haitoshi kwa kabati zima.

*Dobi wa kemikali.* Huua vyote na huondoa jasho na mafuta kwa mara moja. Mwambie mapema kwamba nguo zina nondo, ni haki yake kujua, na atazitenga na za wengine.

*Jua na brashi.* Kuanika juani na kupiga brashi ni desturi ya zamani yenye akili. Viwavi hukimbia mwanga na hudondoka, mayai hupanguswa. Lakini jua la uani haliui mayai yote yaliyo ndani ya mshono. Litumie kama kinga ya kila mwezi au miwili, usilitegemee peke yake wakati nyumba imeshaingiliwa.

Hatua ya 6: Safisha walikoishi

Nguo zikiwa bado zimefungwa, rudi kabatini. Fyonza kila ufa kwa mashine ya kufyonzea vumbi yenye mdomo mwembamba: pembe za rafu, reli za droo, nyuma ya kabati, kingo za sakafu, chini ya vitanda, ndani ya mikunjo ya sofa. Ukimaliza, toa mfuko wa vumbi, ufunge kwenye plastiki na uutupe nje mara moja. Ndani ya mashine kuna nywele, vumbi na viwavi hai. Ukiiacha stoo umewahamisha tu, na chakula umewapa.

Huna mashine? Brashi ngumu kwenye nyufa, kisha kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, kinachooshwa kila baada ya rafu moja. Kazi ni ndefu zaidi lakini matokeo hayatofautiani sana. Acha milango ya kabati wazi siku nzima likauke. Nyufa zinazoweza kuzibwa, zizibe.

Rudia usafi huo kila wiki kwa wiki sita hadi nane, kwa sababu yai lililokuponyoka leo litakuwa kiwavi kabla ya mwezi kuisha.

Mazulia na viti

Zulia la sufu huliwa zaidi upande wa chini na kingoni, penye fanicha nzito. Ligeuze. Fyonza nyuma kwanza, kisha mbele, kisha sakafu iliyokuwa chini yake, kisha mbele tena. Likiwa dogo, friza au gari la juani litalimudu. Likiwa kubwa na lenye thamani, mtafute fundi wa mazulia wa kulifua lote. Baada ya hapo sogeza fanicha kila miezi michache, hata kwa shibri moja, ili giza lisikae mahali pamoja. Sofa na viti vilivyojazwa nywele za mnyama au manyoya ni vigumu. Dalili zikiwa ndani ya vijazo hivyo, hapo mwite mtu wa kazi hiyo.

Kuhusu nafthalini na dawa nyingine

Vile vidonge vyeupe vya mviringo vyenye harufu kali vina nafthalini au paradiklorobenzini. Hubadilika kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoua, lakini sharti ujae: sanduku lililofungwa kabisa, kwa wiki kadhaa. Vidonge vitatu kwenye kabati linalofunguliwa kila asubuhi haviui kiwavi, vinachofanya ni kuwavutisha watu sumu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nafthalini kwa matumizi haya mwaka 2008, na kemikali zote mbili Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka katika kundi la zinazoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

La kuogopa zaidi ni watoto. Kidonge kinafanana na peremende. Na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, tatizo la kurithi ambalo mara nyingi familia haijui inalo, anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa kuvalishwa tu nguo au kufunikwa blanketi lililohifadhiwa na nafthalini. Akipauka, akawa na macho ya njano au mkojo mweusi baada ya hapo, ni hospitali papo hapo, na taja nafthalini kwa jina. Kwa sababu hii mimi sina hata kidonge kimoja nyumbani. Ukiamua kuvitumia, viwe ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, mbali na nguo za mtoto, usichanganye aina mbili, na nguo zipungwe hewa nje siku kadhaa kisha zifuliwe kabla ya kuvaliwa. Kafuri, ambayo wengine huiita karafuu maiti, ni kitu kingine, nayo pia ni sumu ikimezwa na mtoto.

Dawa ya kupuliza, kama bado unaona wadudu hai baada ya hatua zote, ipulizwe kwenye nyufa na nyuma ya kabati tupu, siyo juu ya nguo za kuvaa. Chagua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya nondo wa nguo au mbawakawa wa mazulia, na ufuate maelezo yake neno kwa neno. Nyingi zina permethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka na samaki. Mwenye paka amwondoe mpaka pakauke kabisa.

Karafuu, lavenda, vipande vya mwerezi: harufu yao inaweza kuwafanya nondo wasite, na mafuta ya mwerezi yakiwa mapya na mengi huweza kuua viwavi wachanga mahali palipofungwa. Hayaui waliokwisha kukua, na harufu huisha. Vitie kwa nguo zilizokwisha kusafishwa, ukipenda harufu yake. Kutibu haviwezi.

Mitego ni ya kupeleleza

Mitego ya gundi yenye feromoni, yaani harufu ya jike, huvuta madume wa nondo. Majike waliokwisha pandwa hawaji, na viwavi hawajui habari zake. Kwa hiyo usiutegemee mtego kumaliza tatizo. Thamani yake ni hesabu: tundika mmoja kwa kila chumba, andika tarehe, hesabu kila wiki. Chumba chenye idadi kubwa kiko karibu na chanzo. Hesabu ikishuka hadi sifuri na kubaki hivyo miezi mitatu ya joto, unaweza kupumua. Mbawakawa hawaingii humo. Kwao kagua fremu za madirisha.

Hatua ya 7: Hifadhi wasikoweza kurudi

Kanuni yangu ni moja: hakuna nguo ya sufu au hariri inayokwenda kulala ikiwa imevaliwa hata mara moja. Ifuliwe au isafishwe, ikauke kikweli, ndipo ifungwe. Nguo yenye unyevunyevu kwenye plastiki italiwa na ukungu badala ya nondo.

Chombo kiwe sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana pande zote, au mfuko wa zipu mzito. Mfuko wa kitambaa na sanduku la kadibodi havizuii, kiwavi mchanga hupita penye uwazi mdogo kuliko jicho linavyodhani. Suti yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa suti wenye tundu la hanga juu. Tundu hilo lilitosha.

Nguo za mtumba, zulia la kurithi, koti la kuazima: chochote cha sufu kinachoingia nyumbani kipite friza au dobi kabla hakijagusana na kabati. Na zile unazozivaa msimu huu, zitumie. Zitikise, zipe mwanga, geuza mifuko nje. Nondo hataki nguo inayotembea.

Nguo iliyotobolewa usiwe mwepesi wa kuitupa. Fundi hodari huchomoa nyuzi kutoka kwenye akiba ya kitambaa iliyo ndani ya pindo la suruali au mshono wa ubavu, akazifuma upya kwenye tundu, uzi juu ya uzi, rangi ikalingana kwa sababu ni kitambaa kilekile. Ya baba ilichukua wiki mbili. Matundu kumi na mawili hayaonekani tena. Mawili ya chini ya bega la kushoto utayaona ukiambiwa pa kutazama.